Nani wa Kusema Mgonjwa Amepona?

Mwaka 1829 msafiri kutoka Uskoti Basil Hall alichapisha kitabu cha safari zake Amerika ya Kaskazini, na ndani yake akaisifu sana hospitali ndogo ya wagonjwa wa akili mjini Hartford, Connecticut. Kati ya wagonjwa 23 waliopelekwa pale maradhi yakiwa mapya, 21 walihesabiwa kuwa wamepona ndani ya mwaka mmoja, yaani asilimia 91. Sifa hizo zilienea, na hospitali nyingine za Marekani hazikukubali kuachwa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1840, Dkt. William Awl wa Ohio alitangaza kwamba wagonjwa wake wapya walipona wote. Mabunge ya majimbo wakati huo yalikuwa yakiombwa fedha za kujenga hospitali za aina hiyo, na hakuna mbunge aliyeona uzito kuchangia nyumba inayoponya watu 9 katika kila 10.

Tarakimu hizo zilitokana na swali moja tu: mgonjwa aliondoka akiwa katika hali gani? Aliyejibu ni daktari aliyemruhusu, siku ileile ya kumruhusu. Yaliyompata mtu huyo baada ya kutoka getini hayakuwa na safu katika daftari.

John Thurnam aliyaona mapema madhara ya kukosa safu hiyo. Alikuwa daktari wa Retreat, nyumba iliyofunguliwa mjini York mwaka 1796 na waumini wa madhehebu ya Quaker, ambao walitunza kumbukumbu zao kwa uangalifu mkubwa. Thurnam aliwafuatilia wagonjwa wa zamani wa nyumba hiyo mpaka vifo vyao, na mwaka 1845 akatoa hesabu yake. Katika kila watu 10 wanaopatwa na maradhi ya akili, 5 hupona, na 5 hufa mapema au baadaye wakiwa bado wagonjwa. Katika wale 5 waliopona, wanaobaki wazima hadi mwisho wa maisha hawazidi 2. Ni hesabu ya kuhuzunisha, lakini ndiyo ya kwanza niijuayo iliyompima mgonjwa kwa maisha yake yote.

Marekani ilimsubiri Pliny Earle, mkuu wa hospitali ya Northampton, Massachusetts. Alizipitia ripoti za miaka mingi na kukuta kwamba wenzake walihesabu matukio badala ya watu. Mgonjwa aliyetoka, akaugua, akarudi na kutoka tena aliandikwa kuwa amepona mara mbili. Kuna waliopona kwenye karatasi mara nyingi zaidi ya hapo. Mwaka 1887 alikusanya hoja zake katika kitabu, na hadithi ya uponyaji wa asilimia 90 ikaporomoka. Naheshimu ukweli wake, ila matokeo yake yalikuwa machungu. Badala ya kuuliza jinsi ya kuwasaidia watu baada ya kutoka, wengi walihitimisha kwamba wazimu hauponi. Hospitali zikageuka maghala ya watu, na Emil Kraepelin wa Ujerumani alipoyaeleza maradhi tunayoyaita leo skizofrenia, aliyaona kama njia ya kuteremka ambayo ni wachache tu hunusurika nayo.

Mabadiliko yalitoka ndani ya wodi za nyuma kabisa. Kuanzia mwaka 1960, John Wing na George Brown walichunguza hospitali tatu za Uingereza: Netherne, Severalls na Mapperley. Pamoja na dalili za ugonjwa, walihesabu vitu ambavyo hakuna daktari aliyewahi kuvihesabu kwa makini. Je, mwanamke huyu ana mswaki wake mwenyewe? Ana kioo chake? Hukaa saa ngapi kwa siku bila kufanya lolote? Walikuta kwamba palipokuwa na saa nyingi za kukaa bure, unyong'onyevu na ukimya wa wagonjwa ulizidi, na saa hizo zilipopungua baadhi yao walipata nafuu. Sehemu ya kile kilichoitwa ugonjwa ilikuwa imetengenezwa na wodi yenyewe.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka jimbo la Vermont. Katikati ya miaka ya 1950, Dkt. George Brooks na wenzake waliwachukua wagonjwa 269 waliokuwa wamekata tamaa na kukatiwa tamaa, wengi wakiwa wamekaa hospitali kwa miaka, wakawaandalia makazi ya mpito, kazi na watu wa kuwatembelea. Baada ya wastani wa miaka 32, Courtenay Harding na timu yake waliwatafuta na kujua habari za karibu wote, walio hai na waliokufa. Waliohoji hawakuonyeshwa majalada ya hospitali, ili yaliyoandikwa zamani yasiwaelekeze. Waliuliza: unaishi wapi, unafanya kazi gani, una marafiki, unajitunza? Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Kisha wakalinganishwa na wagonjwa wa jimbo jirani la Maine, ambako mpango kama huo haukuwapo, na wa Vermont wakaonekana kuwa na hali bora, hasa katika kazi.

Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa limeanza kulinganisha nchi na nchi tangu miaka ya 1960. Ibadan, Nigeria, ndicho kilikuwa kituo pekee cha Afrika kati ya tisa. Afrika Mashariki haikuwamo. Taarifa ya shirika hilo kwamba wagonjwa wa nchi maskini walipona vizuri zaidi ingali inabishaniwa, na haifai kutumiwa na serikali yoyote kama kisingizio cha kutowajengea huduma. Madison, Wisconsin, ilionyesha hatari ya kisingizio hicho. Leonard Stein na Mary Ann Test waliwahudumia wagonjwa majumbani na mitaani kwa miezi 14, na siku za kulazwa zikapungua sana. Huduma ilipositishwa, mafanikio mengi yakapotea.

Katika miaka ya 1990 Uingereza ilimwomba Wing yuleyule atengeneze kipimo kifupi cha kutumika kila mahali. Kikawa na vipengele 12, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 4, na Australia ikaja kukitumia nchi nzima, kikirudiwa kila miezi mitatu kwa wanaohudumiwa nje ya hospitali. Ni kazi nzuri. Hata hivyo, anayejaza alama bado ni mhudumu.

Ndiyo maana naithamini zaidi orodha iliyotengenezwa Camberwell, kusini mwa London, na kuchapishwa mwaka 1995. Ina maeneo 22 ya mahitaji: chakula, nyumba, fedha, usafiri, mwenzi, watoto, watu wa kuzungumza nao. Mhudumu huulizwa, na mteja huulizwa maswali yaleyale peke yake. Majibu yao hutofautiana mara nyingi. Mike Slade na wenzake walipofuatilia tofauti hizo, walikuta kwamba ubora wa maisha ya mtu huendana zaidi na mahitaji ambayo yeye mwenyewe anasema hayajatimizwa, kuliko yale ambayo mhudumu wake ameyaona.