Kabla Ununue Ploti, Jua Haya Maneno Yalitoka Wapi

Panda matatu Embu ushukie Meru. Njiani, kuanzia Runyenjes, Chuka mpaka Nkubu, hesabu mabango ya ploti. Karibu yote yanasema kitu kimoja: hamsini kwa mia, hati miliki iko tayari, maji na stima ziko hapo. Nimeyasoma tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kujiuliza yanamaanisha nini.

Nilianza kujiuliza nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mathe alitaka kuuza robo eka anilipie karo. Hiyo robo ni ya shamba la guka, babake, huku Embu, na ameilima zaidi ya miaka ishirini. Hati ilikuwepo, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mnunuzi alikuwepo, tena na pesa mkononi. Lakini shamba halikuuzika. Semista ikaisha, nikarudi nyumbani, na sijarudi chuo mpaka leo.

Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu nilikaa chini nikauliza kwa nini, na nikapata kwamba jibu liko kwenye historia ya maneno yenyewe.

Tuanze na nambari ya shamba. Ukiona hati ya Embu utapata kitu kama Ngandori/Kirigi halafu nambari. Ya Meru itakuwa Ntima/Igoki halafu nambari. Wazee wa zamani wangeshangaa sana. Kwao ardhi ilijulikana kwa ukoo, Waembu wakiuita muviriga na Wameru mwiriga. Familia moja ingekuwa na kipande huku juu karibu na msitu wa Mlima Kenya na kingine chini kule weru kwenye joto, ili mvua ikikataa upande mmoja, chakula kitoke upande mwingine. Mkigombana, kesi ilienda kwa wazee. Kwa Wameru, hiyo ilikuwa kazi ya Njuri Ncheke.

Halafu ikaja 1954. Vita vya Mau Mau vimepamba moto, hali ya hatari ilishatangazwa 1952, na serikali ya kikoloni inahamisha watu wa Kikuyu, Embu na Meru kwa nguvu kwenye vijiji vyenye walinzi. Mwaka huohuo afisa wa kilimo anayeitwa Roger Swynnerton akatoa mpango wake: vipande vilivyotawanyika viunganishwe kuwa shamba moja, lipimwe, liandikishwe kwa jina la mtu, na mwenyewe apande kahawa au chai na aweze kuchukua mkopo benki. Serikali pia ilitaka mkulima aliye na shamba lake aone hana sababu ya kwenda msituni kupigana.

Sasa fikiria. Kamati zinakaa kuamua nani apewe nini, na watu wengine wako kizuizini au msituni. Aliyekuwepo ndiye aliyesikizwa. Sheria ya kuandikisha mashamba ikaja 1959, na 1963 ikaja ile iliyotawala hati zetu kwa karibu miaka hamsini. Hiyo ya 1963 ilikuwa na kifungu cha 143. Kilisema uandikishaji wa kwanza haungeweza kurekebishwa na korti hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Soma tena hiyo sentensi. Kama mtu alikuandikia shamba lako kwa jina lake mara ya kwanza, sheria ilimlinda. Hiyo kinga iliondoka 2012, sheria mpya ya kusajili ardhi ilipokuja. Leo hati iliyopatikana kwa ulaghai inaweza kufutwa.

Na jina lililoandikwa mara nyingi lilikuwa moja: la mwanaume, mkuu wa boma. Bibi hayumo, mabinti hawamo. Watu walidhani anawashikia wengine wote, kama vile ukoo ulivyofanya. Lakini karatasi haikusema anashika. Ilisema anamiliki.

Hapo ndipo tulipokwama. Wakala wa mnunuzi alienda ofisi ya ardhi kufanya sachi. Sachi ni kuuliza serikali kadi ya kijani inasema nini, na hii si ile ya kwenda Marekani. Ni rekodi ya kila shamba: liliandikwa nani kwanza, likauzwa lini, lina mkopo ama zuio gani. Yetu ilikuwa na jina moja, la guka, aliyekufa nikiwa darasa la pili. Kwetu tunasema "robo ya mathe". Kwa kadi ya kijani, hakuna kitu kama hicho.

Ili robo iwe robo, lazima kwanza kesi ya mirathi iende kortini. Baadaye mpimaji agawanye shamba kwa fomu inayoitwa myutesheni. Nilisoma hilo neno kwa bayolojia, sikujua ardhi pia hupitia hayo. Halafu shamba la kilimo haliwezi kugawanywa wala kuuzwa bila idhini ya bodi ya ardhi. Hiyo ni sheria ya 1967, na bila idhini mapatano yenu ni bure hata kama mlipeana pesa mbele ya wakili. Kwa mirathi, sheria inayotumika tangu 1981 inahesabu watoto wote sawa, wavulana kwa wasichana. Lakini anko zangu wawili walikataa kutia sahihi. Walisema msichana harithi. Wanasema ni mila. Mimi naona wanaitetea karatasi ya miaka ya 1960 kuliko wanavyotetea mila, kwa sababu ukoo haukumwacha mtoto wake bila mahali pa kulima.

Turudi kwa bango. "Hamsini kwa mia" ni futi. Zidisha upate futi mraba 5,000. Watu huiita thumuni ya eka. Eka moja ni futi mraba 43,560, na thumuni yake ni 5,445. Umekosa 445, nafasi ya bedsita mbili za futi kumi kwa ishirini. Kama uliuziwa thumuni kwa 800,000, zaidi ya 65,000 umelipia hewa. Na hati yako haitaandika futi, itaandika hekta. Thumuni kamili ni kama 0.0506. Hamsini kwa mia ni kama 0.0465. Ukiona ndogo zaidi, huenda barabara ya kuingia imekatwa kwako.

Kitu kingine: kwa hati nyingi za mashambani, hiyo hekta imeandikwa kuwa ni makadirio. Mashamba yetu mengi yalipimwa kwa kufuata ua na mito, hayakuwekewa bikoni za saruji. Kwa hivyo usinunue karatasi peke yake. Nenda na mpimaji, mshike futi kamba, na uongee na jirani wa kila upande.

La mwisho ni frihodi na lisi. Frihodi haina mwisho. Lisi ni ya kukodi kwa miaka, na ploti nyingi za ndani ya miji ni za namna hiyo. Walowezi waliwahi kupewa lisi za miaka 999 chini ya sheria ya 1915, wakati Mwafrika alihesabiwa kama mpangaji tu kwa ardhi ya babu yake. Katiba ya 2010 ilikata hiyo hadithi: asiye raia hapati zaidi ya miaka 99. Wewe ukiuziwa lisi, uliza imebaki miaka mingapi. Miaka 99 iliyoanza 1940 si sawa na iliyoanza juzi.

Huwa nasikia vijana wa rika langu wakisema mambo ya mashamba ni ya wazee. Mimi pia nilisema hivyo, na nikalipa. Ukienda nyumbani wikendi hii, omba uonyeshwe hati. Soma jina lililo juu. Kama mwenyewe ameshakufa, uliza mirathi imefika wapi, na uulize wazee wakiwa bado wanaweza kujibu.

Kesi yetu iko kortini sasa, na mathe ameweka zuio kwa hiyo kadi ya kijani ili mtu asiuze kisirisiri. Msimu huu amepanda maharagwe kwenye ile robo. Anko mmoja hupita hapo kila asubuhi na hawasalimiani.