Safu ya lugha: Ukuta wa moto au mlinzi wa geti?

Mtu wa Geita akiambiwa kompyuta yake ya nyumbani ina "ukuta wa moto" anaweza kukimbilia ndoo ya maji. Jina hilo, kwa Kiingereza firewall, limetoka kwa wajenzi: ukuta unaozuia moto usivuke kwenda chumba cha pili. Lakini kwetu "wa moto" ni kinachowaka au chenye joto kali, kama chai. Mimi naona "mlinzi wa geti" lafaa zaidi. Ukuta hauhoji mtu. Programu hii ya kuchuja mawasiliano ya kompyuta na mtandao huhoji. Na kama kwenye mwalo wa dhahabu, hata anayetoka anaweza kupekuliwa.

Hapo ndipo programu za bure zinapoachana. Ya Windows, ambayo toleo la XP lilianza kuiwasha lenyewe kwa nyongeza ya pili (Service Pack 2) ya mwaka 2004, huzuia wanaoingia bila kualikwa, ila kwa kawaida huwaacha wa ndani watoke watakavyo. ZoneAlarm ya bure iliwahoji hata wanaotoka, mpaka maswali yakachosha. Kwa nyumbani ya Windows inatosha. Kabla ya kupakua nyingine, fungua mipangilio uhakikishe hiyo haijazimwa.