China: mganga aliyekwenda makaburini kujifunza

Mwaka wa 1797, huko Luanzhou kaskazini mwa China, mlipuko wa ugonjwa uliua watoto wengi. Familia maskini ziliwazika kwa kuwafunga mikeka tu, mbwa wakaifukua miili. Mganga Wang Qingren alikwenda kwenye makaburi hayo siku 10 mfululizo kutazama viungo vya ndani, kwani aliona vitabu vya zamani vinapingana.

Mwaka wa 1830 alitoa kitabu chake cha kusahihisha makosa hayo. Humo mna dawa ya watu waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi, iitwayo Buyang Huanwu Tang. Wang alisema mwili una sehemu 10 za nguvu, 5 kila upande. Zikipotea 5, upande mmoja hauinuki tena. Dawa ni ya kuzirudisha. Ina vitu 7: mizizi ya huangqi, mingi kuliko vingine vyote vikijumlishwa, mimea mingine 5, na nyungunyungu waliokaushwa. Huchemshwa, mgonjwa akanywa maji yake.

Wang naye alikosea: aliamini mshipa mkubwa utokao moyoni hubeba hewa, si damu. Hata hivyo, dawa yake ingali inatumiwa China, na watafiti wanaendelea kuipima.

Lakini dawa hiyo ni ya kupooza kunakobaki baadaye, si ya saa ya kwanza. Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, apelekwe hospitali saa ileile, asingojee mizizi ichemke.