Mapatano ya Oslo
Makubaliano kati ya Israeli na Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO), yaliyojadiliwa kwa siri nchini Norwei na kutiwa saini Washington tarehe 13 Septemba 1993. Picha iliyoenea ni ya waziri mkuu wa Israeli Yitzhak Rabin na kiongozi wa PLO Yasser Arafat wakipeana mikono, ingawa waliotia saini kwa niaba yao ni Shimon Peres na Mahmoud Abbas. Yalizaa Mamlaka ya Palestina. Mwaka 1995 Ukingo wa Magharibi uligawanywa katika kanda A, B na C, na kanda C, ambayo leo ni takribani asilimia 60 ya eneo, ikabaki mikononi mwa Israeli. Yaliyo magumu yaliahirishwa: Yerusalemu, wakimbizi, mipaka, makazi ya walowezi. Hapo ndipo mapatano yalipokwama. Rabin aliuawa Novemba 1995 na Mwisraeli aliyeyapinga, kundi la Kipalestina la Hamas, lililoyapinga pia, likalipua mabasi, na makazi yakazidi kupanuka.