Mashairi ya Muyaka na Deni la Msomi

Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840. Mashairi yake, ya vita, ya mapenzi na ya mafumbo, yalibaki vifuani mwa watu. Yangalipotea pamoja na wazee walioyahifadhi, lakini katika karne ile ile ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mtu wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Mmisionari Mwingereza W. E. Taylor aliyapokea kwake, akayanakili kwa hati za Kirumi pamoja na maelezo ya mwalimu huyo. Karatasi za Taylor zikahifadhiwa London, katika maktaba ya School of Oriental and African Studies. Mwaka 1940 William Hichens akaichapa diwani huko Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka.

Mwanachuo wetu, aghalabu, hunukuu ubeti akaandika “mshairi mmoja wa kale alisema”. Aliye makini zaidi huandika “Hichens, 1940”, akadhani amelipa deni. Sikujua yu wapi? Aliyeokoa kazi ya mwenziwe amesahauliwa na wale wale wanaofaidi jasho lake.

Desturi ya kutaja chanzo haikuletwa na vyuo vya kisasa. Wanazuoni wa pwani hawakuridhika na hadithi ya Mtume pasipo isnadi yake: fulani kaipokea kwa fulani. Mlolongo ukikatika, neno lilitiliwa shaka.

Basi tuwafundishe wanafunzi wetu hivi. Waingiapo maktabani wasome dibaji kabla ya mashairi, kwani ndimo mhariri aelezamo alikoyapata. Wamwulize mkutubi. Kabla hawajakifunga kitabu, waandike jina la mwandishi, jina la kitabu, mji, mchapishaji, mwaka na ukurasa. Kwa mswada, waandike maktaba na nambari yake. Na asiyeuona mswada kwa macho yake asijisingizie kuuona, bali aseme wazi kwamba ameupata kwa Abdulaziz, ukurasa fulani.

Kufanya hivyo si kumwogopa mtahini. Msomaji wa kesho apate njia ya kurudi hadi kwa Sikujua, ahakikishe mwenyewe, na hata atusahihishe sisi tuliomtangulia.