Mafuta ya jua: Kutoka fukwe za Ulaya hadi kliniki ya Moshi

Mafuta ya kukinga jua yalibuniwa kwa ajili ya watu waliolitafuta jua kwa hiari yao. Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya L'Oréal ya Ufaransa, iliyoanzishwa na mkemia Eugène Schueller, iliingiza sokoni Ambre Solaire. Yalikuwa mafuta ya kujipaka kabla ya kulala mchangani. Muda mfupi baadaye, mwaka 1936, serikali ya nchi hiyo ikawapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo, na maelfu wakaenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Walitaka kurudi kazini wakiwa wamebadilika rangi, bila kubabuka. Miaka michache baadaye Franz Greiter, kijana wa Austria aliyesomea kemia, aliungua na jua akipanda mlima Piz Buin, na mwaka 1946 akawa anauza krimu yake mwenyewe kwa wapanda milima. Ni Greiter huyohuyo aliyeeneza, mwaka 1974, kipimo cha kinga tunachokiona leo kwenye kila chupa: SPF 15, SPF 30, SPF 50.

Katika miaka hiyohiyo, huku kwetu Tanzania, walikuwapo watu ambao jua halikuwa starehe kwao hata kidogo. Mtoto mwenye ualbino aliyezaliwa Sengerema au Same hakuhitaji kwenda ufukweni ili aungue. Alibebwa mgongoni kwenda shambani, akachunga mbuzi, akatembea kilomita kadhaa kwenda shule, na kila hatua ilikuwa inaandika kitu kwenye ngozi yake. Ilichukua nusu karne kabla ya kopo lile la likizo kumfikia, na lilipomfikia lilikuja kama dawa.

Kwamba jua huleta saratani lilikwisha kujulikana zamani. Mwaka 1894 Paul Unna wa Hamburg alieleza jinsi ngozi ya mabaharia inavyochakaa, inavyoota magamba na hatimaye kugeuka saratani. Miaka miwili baadaye William Dubreuilh wa Bordeaux akaona jambo lilelile kwa vibarua wa mashamba ya mizabibu, tofauti na watu wa mjini waliokaa ndani. Mwaka 1928 George Marshall Findlay akalithibitisha maabara, kwa kuwaangazia panya miale ya urujuanimno mpaka wakapata uvimbe. Lakini watu waliotazamwa wote walikuwa Wazungu. Madaktari wa kikoloni walioandika juu ya magonjwa ya Afrika walishika malaria, malale na ukoma, na saratani ya ngozi ikahesabiwa kuwa shida ya watu weupe.

Picha ilibadilika Dar es Salaam. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na ambayo Robert Koch mwenyewe aliwahi kufanyia kazi, ilikuwa imeanza kupokea wagonjwa wa saratani muda mrefu kabla ya kufanywa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Mwaka 1985 Dk. J. Luande na wenzake walichapisha katika jarida la Cancer uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino. Walichokieleza kinaumiza kukisoma hata leo: dalili za ngozi kuharibiwa na jua zilionekana tangu mwaka wa kwanza wa maisha, na saratani zilizokomaa ziliwakuta wengi wakiwa bado vijana. Umri ambao mtu mwingine anaoa na kujenga, hawa walikuwa wakifika hospitali na kidonda kilichokwisha kula sikio.

Sababu ipo katika melanini, rangi ya asili ya ngozi. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya kuzaliwa nayo, na mwenye ualbino hana, au anayo kidogo mno. Mwaka 1995 wanasayansi walionyesha kwamba Watanzania wengi wenye ualbino wamerithi kasoro moja ileile, kipande kilichokatika katika jeni iitwayo P, kinachopatikana pia kwa watu wenye ualbino katika jamii nyingine za Kibantu. Lazima baba na mama wote wawili wawe wamekibeba, na mara nyingi wote wawili ni weusi na hawana habari. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino Tanzania. Hao ndio waliohesabiwa.

Saratani inayowasumbua zaidi inaota katika tabaka la juu la ngozi. Huanza na kigamba kikavu kwenye paji la uso, mdomo wa chini, shingo au ncha ya sikio. Kigamba kikibanduliwa hurudi. Baadaye kinakuwa kidonda kisichofunga, mwenyewe anakipaka dawa ya kienyeji, anasubiri mavuno yaishe, anakopa nauli. Ikifikia hapo, kilichokuwa kazi ya dakika tano kinakuwa cha chumba cha upasuaji, cha kupandikiza ngozi kutoka pajani na cha mionzi.

Dakika tano hizo nazo zina historia. Mwaka 1950 daktari mmoja wa California, Allington, aliandika jinsi anavyochovya pamba ndani ya naitrojeni ya kimiminika na kuigusisha kwenye uotaji wa ngozi mpaka ugande na kufa. Hakuna kisu wala kulazwa. Mwaka 1962 madaktari wawili wa Pretoria, Falkson na Schulz, waliona kwamba wagonjwa wanaotibiwa saratani za ndani kwa dawa ya fluorourasili walikuwa wakipona magamba ya jua usoni bila mtu kuyagusa. Dawa ile baadaye ikatengenezwa kuwa krimu. Na Frederic Mohs wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa tangu miaka ya 1930 akikata saratani ya ngozi tabaka kwa tabaka, akiangalia kila tabaka kwa hadubini mpaka asione tena seli mbaya. Njia yake ndiyo inayosifiwa zaidi kwa kuondoa saratani yote huku ikiacha pua ikiwa pua. Ila inadai maabara pembeni ya kitanda na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo peke yake, na kwa nchi yenye madaktari wa ngozi wa kuhesabika jibu lilipaswa kuwa jingine.

Jibu lilitoka Moshi. Mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC chini ya Mlima Kilimanjaro, ulifunguliwa mradi wa pamoja wa Wizara ya Afya na shirikisho la kimataifa la madaktari wa ngozi: kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kwa ukanda mzima, chini ya Mjerumani Henning Grossmann. Uamuzi mkubwa wa kituo hicho, na kwangu mimi ndio uliobadilisha historia hii, ulikuwa kuhusu nani afundishwe. Waliwachukua matabibu na wauguzi waliokwisha kufanya kazi vijijini, wakawasomesha miaka miwili, wakawarudisha makwao, Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika. Hao wanajua kutofautisha ukoma na mba, na wanakitambua kigamba cha hatari kingali kidogo.

Kutoka hapo zikaanza kliniki za kutembea. Gari lilikwenda vijijini likiwa na naitrojeni, likawagandishia watu magamba yao chini ya mti au kwenye darasa lililoazimwa. Daktari Mwingereza Barbara Leppard alikuwa miongoni mwa waliozisimamia, na mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 164 wa kaskazini mwa Tanzania. Kazi kubwa ya kliniki zile ilikuwa maneno: vaa pama, vaa mikono mirefu, kaa kivulini saa za mchana, rudi tena. Kofia ya ukingo mpana imeokoa ngozi nyingi kuliko kisu chochote, na haijawahi kupewa nishani.

Mafuta yalikuwa bado tatizo. Yaliyokuja kama msaada yalikuwa chupa za rafu za Ulaya, nyingine zikikaribia kwisha muda, na dukani bei yake ilikuwa ya watalii. Karibu mwaka 2012 mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto, alianza kuyatengeneza palepale Moshi, katika kituo kile cha KCMC, yakaitwa Kilisun. Yalitengenezwa kwa kusikiliza wenye ngozi yenyewe, wanaotoka jasho na kulima. Kampuni ya BASF ikasaidia malighafi, shirika la Standing Voice likashika usambazaji kupitia kliniki, na baadhi ya wanaoyatengeneza wana ualbino wenyewe.

Yote haya yalikuwa yakiendelea wakati nchi ikitikiswa na mauaji ya kinyama ya watu wenye ualbino. Ulimwengu ulishtuka, na ilikuwa haki ushtuke. Umoja wa Mataifa ukaitangaza Juni 13 kuwa siku yao, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Lakini madaktari wa ngozi walikuwa wakirudia kusema kwamba muuaji mkubwa ni saratani, na kwamba huyo hana haja ya kujificha usiku.

Kinachonikera ni kwamba rafu ileile yenye mafuta ya jua imebeba pia sumu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu ya figo. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze melanini. Kwa hiyo watu walikuwa wakilipa pesa kuondoa kinga ambayo jirani yao mwenye ualbino angetoa chochote aipate. Marufuku zimekuja nyingi tangu hapo, na krimu hizo, mkorogo, bado zinauzwa.

Sheria za Umoja wa Ulaya zinayaweka mafuta ya kukinga jua pamoja na manukato na rangi ya midomo. Marekani inayasimamia kama dawa isiyohitaji cheti cha daktari. Mtalii anamaliza chupa moja kwa msimu, lakini mwenye ualbino anaanza kupakwa akiwa mchanga na anahitaji kujipaka kila siku maisha yake yote, tena akirudia kila baada ya saa mbili anapokuwa juani. Nchi yenye maelfu ya watu wa namna hiyo ina sababu kubwa kuliko Marekani ya kuyahesabu kuwa dawa. Yaagizwe na kila zahanati kwa mwaka mzima kama zinavyoagizwa dawa za presha, na mganga mfawidhi aulizwe pale yanapokwisha.