Hindi Moja, Vitabu Vitatu

Ukipanda matatu ya Eldoret kwenda Kitale, ukishapita Soy, mahindi ya upande wa kushoto ni ya Likuyani. Mtu wa Nairobi akiyaona anawaza ugali. Sawa, lakini ndani yake kuna maji na moto pia, na shule zetu zimevifundisha hivyo vitu vitatu kana kwamba havijuani.

Hapa palikuwa mashamba ya masetla. Kuanzia 1962, chini ya mpango wa ekari milioni moja, serikali iliyanunua, ikayagawa na kuwauzia Waafrika kwa mkopo. Wengi walitoka sehemu za Waluhya zilizokuwa zimebanana, kama Maragoli. Mkopo ulitaka pesa, na pesa ilitoka kwa mahindi. Mwaka wa 1964 kituo cha utafiti cha Kitale, hapo jirani, kikatoa H611, mbegu chotara iliyotokana na mahindi ya Kitale na mengine ya Ecuador. Ilizaa vizuri mvua ikikubali na mbolea ikiwepo.

Mbolea yenyewe ni hadithi ya moto. Naitrojeni ya viwandani hutolewa hewani kwa joto na mgandamizo mkubwa, na mara nyingi gesi asilia ndiyo inayotumika. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilipoanza 2022, bei ya gesi ikapanda, na mkulima wa Likuyani ambaye hajawahi kuona mtungi wa gesi jikoni kwake akaumia dukani. Hiyo ni jiografia, kemia na kilimo kwa pigo moja. Kwenye ratiba, kila moja ina mwalimu wake.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza 1962, mwaka ule ule wa mpango wa ardhi, vikawapa watoto jembe na kitalu. Mfumo wa 8-4-4 ulipokuja 1985 ulileta kilimo na sayansikimu. Lakini kilimo kilibaki shambani, sayansikimu ikabaki jikoni, halafu mtihani ukameza vyote viwili. Na kwa shule nyingi za mashambani, mwanafunzi alikuwa anabeba kuni asubuhi ili githeri ya mchana ichemke. Hakuna aliyemwambia kwamba huo mzigo begani ulikuwa somo.

Tuangalie hiyo githeri. Mahindi makavu na maharagwe huchukua masaa kuiva. Ukiviloweka usiku kucha, vinaiva haraka na kuni zinapungua: maji yamefanya kazi ya moto. Kuni zikizidi kutakikana, watu hupanda mikaratusi, tena karibu na chemchemi kwa sababu hapo inakua mbio, nayo inakunywa maji ambayo mama atayatafuta mbali na dumu lake. Mvua kubwa nayo huosha mbolea hadi mto Nzoia, ukapita Budalang'i na kuingia Ziwa Victoria, ambako inalisha gugu maji.

Mwaka wa 2021 serikali ilizindua 4K upya, na mtaala wa umilisi nao una kilimo. Mimi ningeanza na masufuria mawili nyuma ya darasa, moja la mahindi yaliyolowekwa na lingine la makavu, kila moja na rundo lake la kuni lililopimwa. Watoto wahesabu kuni, wahesabu vikombe vya maji, waangalie saa. Kisha wale.